Tulivyomlilia Mzee Mligo Akinywa Uji

Mama Zuhura, mwenzangu,

Kamwene. Mchungaji anatufundisha kwamba waliolala hatuzungumzi nao, nami namheshimu, kwa hiyo haya siyo mazungumzo. Ni taarifa tu. Kuna jambo sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Baridi imeingia. Asubuhi hii sakitu ilikuwa nyeupe juu ya viazi vya jirani, na hapa mtaa wa Ramadhani watu wanakwenda dukani na mablanketi. Huko Mahongole walikokulaza sijui kama inakufikia. Nilikuja arobaini yako. Nililia ndani ya basi mpaka Makambako, kondakta akadhani nimeibiwa. Dada zako wakanipa pilau, nikala sahani mbili. Nilikusikia kabisa: "Mama Tumaini, hiyo ya pili utaikimbia."

Unakumbuka tulivyoanza? Daktari alitupima presha, akasema tutembee. Wewe ukasema kutembea ni kwa wagonjwa, sisi tukimbie. Miaka ile ya foleni ya sabuni nani angekimbia apunguze mwili? Mwili wenyewe ulikuwa wapi? Ilipokuja ruksa ya biashara, mafuta ya kula yakajaa madukani, nasi tukajaa. Ukanichomolea traksuti ya kijani kwenye belo lako la mitumba, na raba. Nikaivaa traksuti chini ya sketi, na kitenge juu ya sketi, ili wazee wa kanisa wasipate la kusema. Ukasema nafanana na mtu anayehama na vyombo vyote mwilini.

Nilidhani kipupwe kile cha kwanza kitaniua. Kumbe ni raha! Watu wamejikunyata jikoni, sisi juu ya kilima cha miti ya miwati tunatoka jasho, mvuke unatutoka mdomoni kama birika mbili, na ukungu uko chini yetu bondeni. Na wewe unacheka mpaka mbwa wanabweka.

Halafu ukaenda kufuata mzigo huko kwenye joto, ukarudi na malaria. Siku nne tu. Siku nne, Mama Zuhura.

Nikaziweka raba chini ya kitanda. Presha ikapanda. Daktari akaniuliza, "Mama, unataka kumfuata mwenzako?" Nikaona haya. Juni ilipoanza nikatoka alfajiri, peke yangu, kimya, kitenge nimekikaza kiunoni.

Mimi ni mzaliwa wa hapa, nilipaswa kujua. Kwetu mwanamke anayekimbia alfajiri kimya na kitenge kiunoni anapeleka habari ya msiba. Hasimamishwi, haulizwi. Unaacha unachofanya unamfuata. Lakini miaka mitatu nilikimbia na wewe na makelele yako, nani angedhani tuna msiba?

Wa kwanza kutoka alikuwa Mama Luka. Mimi sikumwona. Nilisikia tu vishindo nyuma yangu, kisha vishindo vingi, kisha kilio. Nikajua kuna mtu amekufa huko nyuma. Mwili ukanisisimka, nikaongeza mwendo. Nao waliponiona nimeongeza mwendo, wakajua marehemu ni mtu mkubwa.

Pale tulipokuwa tunageuzia, langoni kwa Mzee Mligo, nikashika nguzo, nikainama nipumue. Mzee amekuwa akiugua tangu Pasaka, mtaa mzima unajua. Basi kuniona nimeinama pale, ikawatosha. Wakanipita, wakaingia uani, wakajitupa chini, wanawake kama kumi na watano.

Mzee Mligo alikuwa ameketi kando ya ukuta na kabuti lake, anakunywa uji.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mama Luka akainua uso kutoka chini, akamwona, akapiga yowe kuliko lile la kwanza. Mzee akanitazama mimi. "Mama Tumaini, kama ni mimi, niacheni kwanza nimalize uji."

Wakati huo wanaume walishafika na majembe, na mmoja alileta mzigo wa kuni za matanga. Kuni hizo Mzee amekataa kuzirudisha. Anasema afadhali aziote sasa, baridi angali anaisikia.

Nikaitwa mbele ya wazee wa kanisa. Wakaniambia kukimbia siyo dhambi, lakini kutangaza kifo kisichokuwepo ni uongo, hata ukitangaza kwa miguu. Basi nikitaka kukimbia, nisikimbie peke yangu. Nikawaomba akina mama wa kwaya. Mmoja akasema atakimbia siku akifukuzwa. Mwingine akanionyesha goti. Nikakaa nyumbani wiki mbili, kichwa kinagonga, nikawa naomba, "Bwana, watoto wangu hawajamaliza shule, nitafutie mtu."

Sasa usikasirike. Bwana amenipa Mama Luka.

Najua! Alivaa sweta lako baridi nzima, akalirudisha Septemba akisema linambana. Nami nilimuuliza Mungu kama hakuna mwingine. Lakini alfajiri moja alinigongea, amevaa buti za mumewe. "Kilio changu ndicho kilichokuponza," akasema. "Twende nikulipe, kabla akili hazijanirudia."

Anakimbia vibaya. Kila lango anasimama kusalimia, "Kamwene! Hakuna msiba, ni presha!" Mtaa mzima sasa unaijua presha yangu. Lakini imeshuka, daktari mwenyewe ameshangaa. Jana tulipanda kilima cha miwati, akateleza kwenye sakitu akakaa chini kama mtoto, nikacheka mpaka nikashika mti. Ni mara ya kwanza tangu uondoke. Halafu nikaona kama nimekuibia. Ndiyo maana nakuandikia. Nisamehe, mwenzangu. Nilitaka kuishi.

Zuhura hajambo, namwangalia kama wangu. Nakuombea kwa Kikristo, dada zako wanakuombea kwa Kiislamu, nadhani zote zinafika. Nami nitaendelea kukimbia, baridi hii na zijazo, mpaka Mungu aniambie inatosha.

Pumzika kwa amani, Mama Zuhura. Na ahadi yangu ni hii. Kila tukifika juu kabisa, Mama Luka anashika kiuno na kuniuliza, "Eti mama, wewe na yule Mswahili wako mlikuwa mnacheka nini hapa kila siku?"

Hiyo simwambii. Namwambia vuta pumzi, tushuke.

Mimi wako,
Mama Tumaini