Diski Isiyo na Picha

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na binti yenu. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri, anabishana na redio, na asubuhi ananigongea mlango kana kwamba ni mimi niliyemwibia usingizi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, na haya nataka uyapate mpaka mwisho.

Uliniuliza kama nimeamua kuhusu lile toleo jipya la programu ya kuhariri video, ukasema uko tayari kunisaidia kulinunua. Ahsante sana, lakini bei siyo iliyonikwamisha. Fundi wa kompyuta alikuja studio, akavua viatu mlangoni kama anayekuja kumjulia hali mgonjwa, akanieleza kwamba programu yangu ya zamani haielewi video za simu yako mpya. Toleo jipya linazielewa vizuri, ila limeondoa kabisa sehemu ya kutengeneza DVD. Na kompyuta yangu ilivyochoka, haiwezi kubeba yote mawili, likiingia moja lazima jingine litoke. Nikamwambia basi hao ni wake wenza. Akasema wake wenza afadhali, angalau husalimiana.

Kwa biashara peke yake ningebadilisha siku hiyo hiyo. Maharusi wa sasa wanataka video kwenye simu, wanaodai diski yenye jalada ni mama zao tu. Aliyenizuia ni baba. Unajua simu haitaki, anasema ni ya kuchunguliana. Lakini DVD anaimudu. Anaiweka mwenyewe, anahesabu mibonyezo ya rimoti kwenye ile menyu ninayompangia, mpaka afike kwenye harusi yako au pale marehemu mama alipopewa kipaza sauti akakataa kukirudisha. Nimekuwa nikimtania kwamba amezikariri kama mwanafunzi wa mtihani. Naye hucheka tu.

Wiki iliyopita ulituma ile video ya binti yenu akijifunza kuendesha baiskeli. Niliichoma kwenye diski haraka haraka, maana mbele yangu alikaa mama wa bwana harusi akilalamika kwamba shangazi zake wote wameonekana migongo. Sikuikagua, nami unanijua, kukagua ndiyo dini yangu. Nikampelekea baba, nikarudi kugombana na migongo ya mashangazi.

Nilipofunga studio nilimkuta sebuleni amevuta kiti karibu kabisa na runinga, anatabasamu peke yake. Runinga ilikuwa nyeusi tii. Programu ilikuwa imechukua sauti na kuacha picha yote. Mtoto anasikika akipiga kelele asiachiwe, kengele ya baiskeli inalia, kioo hakina kitu. Kabla sijafungua mdomo kuomba radhi, baba akaniambia nije nimwone mke wake, yaani binti yako, alivyopendeza, alivyonenepa mashavu, na hilo gauni lilivyomkaa. Nilisimama pale na mkoba begani, nikashindwa hata kuuweka chini.

Kaka yangu, baba haoni. Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, ndipo nikarudi kuendelea.

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia diski haina picha. Akacheka hadi akajifuta machozi, akasema kumbe yeye ameona vizuri kuliko mimi mwenye macho. Nilicheka naye, halafu nikalia, naye akanipapasa kichwa kama zamani nikianguka. Nilimpeleka hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho, imekuwa ikimla kidogo kidogo, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Amebakiwa na mwanga na vivuli. Baba alikuwa anajua siku nyingi. Alitegemea kuta, sauti zetu, na ile menyu yangu isiyobadilika. Aliniapisha nisikwambie, eti utaacha kazi ukimbilie nyumbani, naye hataki kuwa jiwe shingoni mwa mtu. Nikaapa. Sasa nimevunja kiapo changu, na akinuna nitanuniwa, mimi ndiye ninayeishi naye.

Kwa hiyo sibadilishi programu. Maharusi wa simu nitawaelekeza kwa jirani yangu mpiga picha, anawahitaji kuliko mimi. Nitabaki na mama zao na diski zao, na menyu ya baba itakaa vile vile alivyoizoea. Video zako ziendelee kuja, hata kama kwangu zinafika bila picha.

Sikuiti urudi kesho, ingawa ukija sitakufukuza. Nina ombi moja tu. Baba ameniuliza kwa nini mshika kamera hana mdomo. Nimezipitia video zako zote na ni kweli, wifi anaongea, mtoto anaongea, wewe uko nyuma ya simu kimya, unatupigia picha. Katika hii ya baiskeli umekohoa mara moja tu. Nimemkuta baba na rimoti mkononi anarudisha nyuma, anasikiliza ukikohoa, anarudisha tena. Ongea, kaka. Hata uwe unamgombeza mtoto, we ongea tu.

Msalimie sana wifi, na mtoto mbusu mashavu yote mawili kwa niaba ya mume wake. Baba anakusalimu, hajui ninachoandika, anadhani ni hesabu za studio.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Diski