Wimbo wa Mavuno Si Wako, Baba

Kopenhagen, 6 Novemba 2022

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na bado unajiokea mkate wako mweusi. Mimi mzima wa mwili, ila nina hasira, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Juzi okestra ilipiga simfoni yangu. Miaka mitatu ya kazi, Baba. Asubuhi gazeti likaandika kwamba sehemu yake nzuri kuliko zote, ile ya mwisho, nimeitoa kwenye wimbo wa mavuno wa Ejnar Thorsager, mpiga kinanda wa Vesterlund. Wakakupigia simu. Ukawaambia, "Najivunia kwamba binti yangu bado anachota kwangu."

Umesema hivyo huku ukijua ni nani aliyeutunga. Nilikuwa na miaka kumi na minne, Mama amelazwa hospitali. Niliuandika kwa penseli nyuma ya tangazo la mnada wa ng'ombe, nimekaa kwenye kinanda chako kanisani. Wewe ukautuma kwa kamati ya kitabu cha nyimbo, kwa jina lako.

Waambie ukweli.

Bintiyo,
Sidsel

Vesterlund, 15 Novemba 2022

Sidsel mwanangu,

Marahaba. Goti linauma kwa huu upepo wa magharibi, vinginevyo sijambo. Nawe ule, ukikasirika huwa huli.

Unakuza mambo. Uliniletea vipande, nikaviunga, nikaviwekea sauti nne. Kamati isingechapisha wimbo wa mtoto wa kike, nilikuwa naulinda. Tangu mama yako afariki, watu hapa hunishika mkono kila ibada ya mavuno, na hiyo ndiyo furaha niliyobaki nayo. Wewe una tuzo, una okestra. Na hili pia unalitaka?

Baba yako

Kopenhagen, 18 Novemba 2022

Baba,

Sikuulizi hali leo.

Usimwingize Mama. Nilimwimbia wodini, nikamwambia ulichofanya. Akasema, "Mwachie baba yako, hana kingine." Nikakuachia miaka ishirini na minane. Tangu hapo sikuandika tuni hata moja ambayo mtu angeweza kuiimba akiosha vyombo. Wakosoaji wananiita mwanamke wa barafu. Hawajui kwamba niliogopa. Nikiandika nyingine nzuri, utaichukua. Simfoni hii ndiyo mara ya kwanza kurudi kuchukua kilicho changu, nawe umenifanya mwizi huku ukitabasamu.

"Mtoto wa kike." Sawa. Usiniandikie mpaka useme.

Bintiyo

Vesterlund, 13 Machi 2023

Sidsel,

Hujambo? Sijui niulize nini zaidi baada ya miezi minne. Krismasi simu yako iliita tu.

Nami nilikuwa na hasira nawe mpaka Februari. Kisha redio ikarudia simfoni yako. Nikakaa jikoni nikaisikiliza yote. Ilipofika sehemu ya mwisho, nikajaribu kuikumbuka siku niliyoitunga ile tuni. Sina siku hiyo.

Jana baada ya ibada nilisimama mbele ya watu nikasema, "Wimbo wa mavuno si wangu. Ni wa Sidsel. Nilimwibia akiwa na miaka kumi na minne." Mchungaji akaangalia viatu vyake. Mwishowe Bi Gudrun wa baraza la parokia akauliza kama kahawa iko tayari. Tukanywa kahawa. Mezani kwangu hakuja mtu.

Gazeti na kamati nimewaandikia. Nakala zimo humu. Msamaha siuombi kwa barua.

Baba yako

Kopenhagen, 20 Machi 2023

Baba,

Shikamoo. Pole kwa meza tupu. Hilo nalisema kwa dhati.

Nakala nimezisoma mara nyingi. Nilidhani hasira ingeisha. Imezidi, kwa sababu sasa najua ilihitaji dakika moja tu, na dakika hiyo ulikuwa nayo kila Jumapili.

Nakuja Jumamosi kwa treni ya mchana. Sitalala kwako, nimechukua chumba hotelini. Jumapili utanipisha kwenye kinanda, nitapiga mimi. Mstari wa tatu wa wimbo wa mavuno niliuandika sauti ishuke. Wewe uliupandisha ili upendeze. Watu wataukosea, kwa kuwa wameuzoea wako. Waache waukosee mpaka waupate. Wewe kaa benchi la mbele, ujifunze pamoja nao.

Bintiyo,
Sidsel