Kodi ya Dawa na Bega la Shemeji Yako

Kiruruma, Karagwe,
12 Juni 1955.

Mpendwa Kaka Egbert,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Renatha na watoto wote, na kwamba joto la Tabora limewahurumia kidogo. Kikohozi chako kimekwisha? Na wifi ameshazoea kukaa bila ndizi, au bado anauita ugali adhabu? Sisi huku hatujambo. Mama yuko Ihanda, ana nguvu zake, analima mwenyewe na kugombana na mbuzi wa jirani kila asubuhi. Tunachuma kahawa sasa hivi, na mvua imetuachia jua la kuianikia.

Katika barua yako uliniuliza ni ugomvi gani huo wa kodi ya dawa, ambao watu wa kwetu wakipita huko stesheni unakofanya kazi wanausimulia huku wanacheka. Sikukujibu mapema kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine, nayo ni kazi nzuri. Nitakueleza yote. Ila tafadhali usiruke mistari kwenda mwisho, maana nakujua.

Unakumbuka shemeji yako Apolinary alivyopata kazi kwenye mgodi wa bati kule Kyerwa. Pamoja na mshahara, mgodi unamtibu yeye, mimi na watoto tutakaojaliwa. Akiumwa kuna zahanati palepale, na mimi nikiwa na shida kubwa, lori la mgodi linakuja kunichukua na kunipeleka hospitali ya misheni Nyakahanga, na mgodi ndio unaolipa. Kaka, wewe ndiye uliyekuja kunishika mkono nilipozika wale watoto wawili kabla hawajapata hata majina. Wote niliwazalia nyumbani, wote walikwama. Kwa hiyo huyu wa tatu niliapa nitamzalia mikononi mwa wauguzi. Lile lori nilikuwa naliota kama msichana anavyoota harusi.

Basi mwezi wa pili, tumbo limeshakuwa kubwa, ikaja hii kodi mpya ya madaraja. Kila mtu anapimwa mali yake, kahawa, ng'ombe, mshahara, halafu baraza la gombolola, vijiji vyetu vyote pamoja, linamweka katika daraja lake. Siku ya kumpima Apolinary akasimama jirani yetu Byabato. Unamfahamu Byabato, yule aliyeacha ukatekista kwa sababu padri hakumpa nafasi ya kubishana.

Byabato akasema hivi: yeye ana kahawa na Apolinary ana mshahara, na mali zao zinakaribiana. Lakini kahawa yake yote inahesabiwa. Akiumwa, anauza kahawa ileile iliyokwisha kutozwa kodi ndipo apate dawa. Apolinary akiumwa anatibiwa na mwajiri, na matibabu hayo hayahesabiwi popote. Akauliza: "Waitu, ndugu zangu, hiyo dawa ya bure ni nini kama si mshahara uliovaa koti jeupe?" Watu wakapiga makofi. Akataka ihesabiwe na Apolinary apandishwe daraja.

Shemeji yako naye si wa kunyamaza. Akasema matibabu si mshahara, kwani hawezi kuyauza sokoni wala kumkopesha mtu, na mwaka uliopita hakuumwa hata jino. "Mtanihesabia nini sasa, homa ambazo sijaugua?" Mwami, mkuu wa gombolola na mwenyekiti wa baraza, akacheka, akasema kwa hesabu ya Byabato mwenye malaria ya kila mwezi atakuwa tajiri kuliko wote. Wakabishana mpaka jua likageuka, kisha wakaahirisha neno hilo hadi mvua za masika zipite.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake wenzangu. Nakuambia wewe tu, moyoni nilimwona Byabato ana haki nusu. Mtu anayejinunulia kwinini baada ya kulipa kodi, akimwona mwenzake anapewa bure, lazima aumie. Lakini nusu ile nyingine ilikuwa tumboni mwangu ikipiga mateke, nami nilikuwa upande wake.

Tulipofika nyumbani Apolinary akawa moto. Akasema kama dawa ya bure inaletewa kodi, basi haitaki. Jumatatu anakwenda kwa karani wa mgodi afutwe kwenye matibabu, arudi kuwa mtu wa mshahara mtupu, tuone Byabato atahesabu nini. Nilimwambia kwamba akijifuta huko mgodini, Jumamosi akirudi atakuta nimemfuta na hapa nyumbani. Hakucheka, wala mimi sikuwa natania. Nililia mbele yake bila kuona haya, nikamtajia makaburi yale mawili chini ya migomba. Akaondoka kwenda kazini bila kuniahidi kitu, na kila Jumamosi niliogopa kumuuliza.

Mama mkwe wangu Auleria ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia ugomvi ule si wa kodi hata kidogo. Unaikumbuka engozi yetu, machela ile ya kusukwa tuliyombebea marehemu baba. Kila mwanamume wa kijiji ni wa engozi, na mgonjwa akitokea, wote wanaitwa. Asiyefika anatozwa pombe. Apolinary tangu aanze mgodini hajaweka bega chini ya mti wa engozi. Anatuma pombe. Kila ikiitwa, yeye hayupo, na Jumamosi anapeleka rubisi nzuri, ya kutosha, hata kuzidi. Alidhani amemaliza. Kumbe wenzake waliinywa na kununa. Mama mkwe akasema, "Wanaona amekodi mabega yao. Sasa wamesikia neno kodi, wamepata pa kumshikia."

Nilimweleza Apolinary, akanijibu kwamba faini ni faini, ameilipa, wanataka nini tena. Wanaume wengine wana akili nyingi mpaka zinawazuia kuelewa.

Uchungu ulinianza usiku wa kuamkia Jumapili mwezi wa nne, mvua ikinyesha tangu juzi yake. Kwa bahati Apolinary alikuwa nyumbani. Binamu yetu Protase akapanda baiskeli kwenda kuita lori la mgodi. Lori lilikuja kweli, dereva si wa kulaumiwa, lakini lilipofika kwenye lile daraja la magogo mto ulikuwa umeshalibeba. Protase akavuka kwa kushikilia matete, akatufikia ametapakaa tope, akasema lori limekwama ng'ambo na halitafika leo wala kesho.

Nilimtazama Apolinary. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa mdogo namna ile. Aliuliza, kwa sauti ya kigugumizi, kama watu watakuja tukiwaita. Mama mkwe alitoka uani akapiga yowe.

Walikuja, kaka. Walikuja na mvua ile, wengine wameacha ibada katikati. Na wa kwanza kuingia uani, shuka limemganda mwilini, alikuwa Byabato na engozi begani. Nililia tena, safari hii si kwa uchungu.

Wakanilaza, wakanifunika majani ya migomba, wakaanza safari ya Nyakahanga. Apolinary akasogea ashike mti wa mbele. Byabato akamsukuma kwa kiwiko taratibu. "Wewe ulishatulipa pombe. Shika mwavuli utembee." Basi shemeji yako alitembea kando yangu njia nzima na mwavuli, wanaume wenzake wakipokezana, wakiteleza, wakiimba, wakitukana matope. Kila akiomba zamu walimwambia wamesikia. Nilikuwa katika maumivu makali, lakini uso wake ule chini ya mwavuli nitaukumbuka mpaka nizeeke.

Na Mungu ni mwema. Mtoto alitaka kukwama kama wenzake, ila wauguzi walijua la kufanya. Nilimsikia akilia. Nilipoambiwa ni msichana na ni mzima nilisahau hata kushukuru, nikawa nauliza tu, "Analia? Bado analia?" Kaka Egbert, wewe ni mjomba. Tumempa jina Kokubanza, kwa kuwa kwetu huyu ndiye wa kuanza. Ana pua ya Mama na sauti yako. Kuhusu sauti, nakupa pole wewe na sisi.

Malipo ya hospitali yalitoka mgodini. Hapo ndipo nilipojua Apolinary hakwenda kwa karani kujifuta. Nilipomuuliza akasema karani alikuwa likizo. Sijachunguza.

Baraza likakutana tena mwezi uliopita. Byabato alikuja na hotuba. Mkewe alituambia alikuwa akiwahutubia kuku wiki nzima. Kabla hajafungua kinywa, Apolinary akasimama. Akasema siku ile ya mvua alijua kuwa ana matibabu ya aina mbili, ya mgodi na ya mabega ya watu wa Kiruruma, na kwamba ya mabega hakuwa ameyalipia inavyotakiwa, maana pombe haiwezi kupanda mlima na mgonjwa. Akasema baraza likiona dawa ya mgodi ni mali, liihesabu, yeye atalipa na hatakuwa na kinyongo, ila matibabu hatayaacha, kwani ana mke na mtoto. Kaka, nilikuwa na Kokubanza mgongoni, na nilijivunia yule mwanamume mpaka nikaona aibu.

Aliyeudhika ni Byabato. Amejiandaa kwa vita, na adui amekuja kukubali! Akalazimika kusema hotuba yake hivyo hivyo, ndefu, mpaka watu wakaanza kuaga.

Mwisho Mwami akauliza lori la mgodi siku ile lilifika wapi. Protase akajibu, darajani. Mwami akasema hawezi kuwatoza watu wa Kiruruma kodi ya dawa iliyoishia ng'ambo ya daraja. Mwaka huu isihesabiwe, wala Apolinary asipandishwe daraja, na mwakani wakubwa wa Bukoba waulizwe kama matibabu ya mwajiri ni mshahara ama siyo. Byabato akataka hospitali nayo, iliyolipwa na mgodi, itajwe. Mwami akamwambia kikao kimefungwa.

Nadhani wakubwa wa Bukoba nao hawatajua. Wewe umesoma, niambie unavyoona. Mimi kila nikidhani nimepata jibu, namkumbuka yule anayenunua kwinini, halafu namtazama Kokubanza, jibu linanipotea.

Ngoja nikusimulie ya wiki iliyopita. Mama yake Byabato alishikwa na homa ya mapafu, ikaitwa engozi. Ilikuwa Jumamosi na Apolinary ndiyo kwanza anafika kutoka Kyerwa, hata maji hajanywa. Akatupa mfuko wake mlangoni akakimbia. Safari hii hawakumpa mwavuli. Alishika mti wa mbele, na kwa kuwa ana deni la miaka walimsahau hapo, hakuna aliyempokea mpaka Nyakahanga. Bibi yule amepona, namshukuru Mungu, lakini bega la shemeji yako lilichubuka vibaya. Jumatatu akaenda zahanati ya mgodi, wakampaka dawa na kumfunga kitambaa.

Jana Byabato alikuja na mkungu wa ndizi kutushukuru. Akakaa, akambeba Kokubanza, akasema maneno mazuri juu ya mama yake mpaka machozi yakamlenga. Kisha akaona kile kitambaa kwenye bega la Apolinary. Akauliza dawa ile imetoka wapi. Apolinary akamwambia mgodini. Byabato akalitazama lile bega lililochubuka kwa kumbeba mama yake mwenyewe, akatikisa kichwa, akasema, "Hiyo nayo wataihesabu." Tulicheka mpaka mtoto akaamka, naye Byabato ndiye aliyecheka kuliko sote.

Nimemkabidhi anayeileta barua hii kifurushi cha kahawa ya kutafuna, mgawane na wifi. Mama anakusalimu na kukukumbusha ahadi yako ya kuja Krismasi. Auleria na Protase wanakusalimu. Byabato naye anakusalimu sana, na ameniuliza kama reli inakutibu bure. Nimemwambia sijui.

Mungu awafunike na awalete huku mkiwa wazima, mje mmwone mpwa wenu akiwa bado anabebeka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye kila siku,

Placidia