Kuku Watatu kwa Gololi Moja

Bi Laila, mshauri wetu wa redio, mpendwa wa wenye meno na wa sisi tulioyaacha njiani, nakuomba unishike mkono kabla shehe wetu hajarudi kutoka Mocímboa, maana akirudi kabla hujanijibu utakuwa unamjibu mtu mwenye tumbo kama ngoma, na jina langu tafadhali usilitaje, niite Mzee wa Gololi, mke wangu hatasikia kwa sababu betri za redio yetu nimezitoa na nimemwambia zimekufa.

Mambo yenyewe yalianza na hii gesi. Sijui kwako gesi imeleta nini, kwetu hapa Palma imetuletea magari, vumbi na wapangaji, na imetuchukulia fundi. Mussagy aliyekuwa akitengeneza baiskeli zetu pale sokoni amepata kazi kambini kwa watu wa gesi, wamempa kofia ngumu ya njano na kibao cha kusimamishia magari, sasa kutwa yuko barabarani, akikigeuza huku magari yanasimama, akikigeuza huku yanapita, nikamwendea mchana mmoja nikamwambia, "Mussagy mwanangu, ekseli yangu ya nyuma inalia," akanigeuzia kibao upande mwekundu. Mafundi waliobaki wanashika pikipiki tu, ukifika na baiskeli wanakutazama kama umempeleka punda hospitali.

Basi nikasema nitajitengenezea mwenyewe nyumbani, kwani kuna nini, mimi nimesoma hadi darasa la tatu enzi za Mreno na ningeendelea mbele kama nisingemwiga mwalimu anavyotembea huku mwenyewe yuko nyuma yangu. Nikanunua spana na kopo la grisi, nikaanza na breki. Breki zikashika vizuri sana, Bi Laila, shida ni kwamba ziliamua kushika zenyewe, tukiwa kwenye mteremko wa kutoka shamba, mke wangu Zubeida yuko nyuma kwenye keria na mihogo mapajani, mimi nikaenda huku, mihogo ikaenda kule, na Zubeida akakaa ndani ya mtaro kama bibi harusi anayengoja kutunzwa. Hakuumia, alhamdulillahi, aliyeumia ni mimi, kwa maneno. Akaniambia, "Baba Cassamo, nisikilize kwa hilo sikio lililobaki. Ukishika spana tena, mimi narudi kwetu Kionga, na hiyo baiskeli ndiyo itakayokupikia." Nikaapa. Niliapa vizuri kabisa, mkono juu.

Lakini ekseli nayo haijui kiapo, ikawa inalia, na kila siku inazidi, nikipita msikitini watu wanageuka kabla sijafika, na ndipo Zubeida akaalikwa harusi huko huko kwao Kionga, akafunga kanga zake, akaniambia analala huko usiku mmoja, kesho anarudi, na mimi nikamsindikiza hadi njiani kwa huzuni kubwa, alipopotea tu nikarudi mbio ambazo sijazipiga tangu ujana. Nikaipindua baiskeli uani, tairi juu, nikafungua gurudumu la nyuma, nikalegeza koni, ile nati inayobana ekseli, nikachungulia. Raha niliyoipata siwezi kukueleza. Mtu umepanda kitu miaka yote hujui tumboni kina nini, kumbe ni gololi, vishanga vya chuma vimekaa duara, vimejaa mchanga na uchafu, vinaomba kuoshwa. Nikaviosha kwa mafuta ya taa, kimoja kimoja, vikang'aa. Nikaviweka kwenye jani. Kwa nini kwenye jani, usiniulize, nilikuwa na furaha.

Upepo ukapita, jani likageuka, gololi zikamwagika, na kuku wa Zubeida wakaja.

Hao kuku, Bi Laila, si kuku wa kawaida, Zubeida anaongea nao asubuhi zaidi kuliko anavyoongea na mimi, jogoo amempa cheo anamwita Bwana Chefe, yaani bosi, kwa jinsi anavyotembea mikono nyuma. Nikawafukuza, nikaokota, nikahesabu, moja haipo. Na mimi kwa macho yangu nilimwona yule mwenye madoadoa akinyoosha shingo kama mtu aliyemeza dawa. Sasa nifanye nini? Mke anarudi kesho, baiskeli iko miguu juu uani, ekseli imefunguliwa, kiapo nimeshakivunja. Nikamshika yule wa madoadoa, nikamwelekeza kibla, bismillahi, nikafungua firigisi: mchanga, mahindi, kifungo cha shati langu. Gololi hakuna. Nikasema basi ni mwenzake, yule mweusi. Bismillahi. Hakuna. Nikamtazama Bwana Chefe, naye akanitazama, na kule kutazama kwake kulikuwa kwa mtu mwenye siri.

Nilipomaliza na Bwana Chefe nikarudi kwenye gurudumu niketi nifikiri, nikatia kidole ndani ya kikombe cha ekseli nifute grisi, na gololi ilikuwa hapo. Imenata. Haikuwa imetoka hata kidogo.

Nikaipaka ekseli grisi mpya, nikaifunga, nikazungusha, na Bi Laila, gurudumu lilizunguka bila sauti yoyote, nikakaa pale uani katikati ya manyoya nikicheka na kulia kwa pamoja. Manyoya nikayafukia. Kuku wawili nikawapeleka kwa watoto wa madrasa, wakala, wakaniombea dua ndefu ya maisha mema. Wa tatu nikampika kwa nazi, na Zubeida aliporudi nikamwambia nimeletewa chungu kutoka hitimani. Akala paja. Akala maini. Akasema, "Kuku mtamu huyu, utadhani katoka kwetu." Akasifu na baiskeli ilivyonyamaza, nikasema Mussagy alipita siku yake ya mapumziko.

Kisha akatoka uani kuita kuku wake.

Jioni yake baraza ya jirani yetu Chamima ikajaa, Zubeida analia, kila mtu ana lake, mwingine kicheche, mwingine mwewe, na mimi nilivyoona macho yanaanza kuzunguka, ulimi ukanitoka, nikasema, "Mimi simtaji mtu, lakini siku hizi mji una wageni, na yule mpangaji wa Chamima hutoka alfajiri na mfuko mkubwa." Mpangaji mwenyewe ni Clésio, kijana kutoka Mueda, anafanya kazi kambini, ana salamu nzuri, na ndani ya mfuko mna viatu vyake na kofia. Macho yote yakageukia mlango wa Clésio, na hiyo ikawa hukumu. Chamima akasema kijana ahame Jumamosi. Zubeida akasema kuhama hakutoshi, shehe akirudi atasomesha halbadiri, aliyekula kuku wake avimbe tumbo mpaka ajitaje.

Toka hapo sikupata usingizi. Juzi nikamwona Clésio anakunja mkeka wake, nikashindwa, nikamvuta nyuma ya nyumba nikamweleza yote, kuanzia jani mpaka Bwana Chefe. Alicheka akashika ukuta. Akaniambia, "Kalma, mzee, tulia. Mimi kampuni imeshanipa kitanda kambini, Jumamosi nilikuwa nahama hata hivyo. Waache waseme nimekula mimi."

"Na halbadiri je, mwanangu?"

"Hiyo haina anwani yangu, mzee. Mimi ni mtu wa kanisani."

Mzigo ulinishuka, Bi Laila, nililala siku hiyo mpaka adhana ya alfajiri ikanipita. Kijana katoa shingo yake mwenyewe, sikumlazimisha! Lakini nilipoamka nikakumbuka kwamba halbadiri haimtafuti aliyetajwa, inamtafuta aliyekula. Mimi nivimbe, sawa, nimeshaishi. Lakini Zubeida kala paja na maini, na madrasa nzima ile, watoto wa watu. Ndiyo maana nakwambia mzigo umeshuka robo tatu, robo iliyobaki iko tumboni. Nimwachie Clésio jina la mwizi kama alivyojitolea, nimwendee shehe kimyakimya nimwombe asisome, au nimwambie Zubeida ukweli na nibaki na baiskeli inayopika? Nijibu upesi. Na sauti yako redioni ni nzuri, lakini hilo nalo usilisome.

Mzee wa Gololi, Palma

*

Mzee wa Gololi,

Nimeicheka barua yako mpaka mtu wa mitambo akaingia kuona kuna nini, kisha nikafika pale kwa Clésio, kicheko kikakauka. Halafu, betri za redio yako umezitoa. Za Chamima umezitoa? Kwa hiyo fanya haraka, maana ninavyoongea hivi sijui nani ameketi nani amesimama katika mtaa wako.

Tuanze na hilo dogo, baiskeli. Gololi moja ikipotea, gurudumu halifi. Unafunga zilizobaki, unajikokota taratibu mpaka sokoni, unanunua nyingine. Wewe umechinja banda zima! Siku nyingine tandika kitambaa cheupe chini, gololi ziweke kwenye sahani yenye grisi zinate, na kuku fungia ndani kwanza. Kabla ya kuchinja kiumbe chochote, futa kikombe cha ekseli. Breki ukizifunga, zijaribu kwanza ukiwa peke yako, uwanja tambarare, bila mihogo na bila mke wa mtu hata kama ni mke wako. Na mnyororo uupake mafuta ya cherehani, kidogo, kisha ufute, maana kwa mchanga wa huko kwenu mafuta yakizidi yanageuka msasa. Kutengeneza baiskeli yako mwenyewe si aibu wala si kosa. Mafundi wameshika vibao, sasa kila mtu ajifunze. Nimefurahi ilivyonyamaza. Hilo nakupongeza kwa moyo mmoja, na ndiyo pongezi pekee utakayopata leo.

Sasa sikia. Kuku ni ujinga, na ujinga tunausamehe. Lakini pale barazani hukuwa mjinga, ulikuwa mjanja. "Simtaji mtu," halafu ukamtaja kwa kila kitu isipokuwa jina. Ulijua watu wako wanataka kusikia nini juu ya wageni, ukawapa. Kijana naye amekufanyia wema, na wema wenyewe unataka kuula kama ulivyowala kuku. Yeye atakwenda kambini kwenye kitanda chake, lakini neno litabaki mtaani. Kesho atakuja mwingine kutoka Mueda, hana kampuni, hana kitanda, anatafuta chumba mvua inanyesha, na Chamima atamwambia hapana, watu wa huko ni wezi wa kuku. Hakuna atakayekumbuka neno hilo lilitoka kinywani mwa nani. Clésio hawezi kukusamehe kwa niaba ya huyo. Kwa hiyo ile zawadi yake mrudishie, umshukuru, umwambie huichukui.

Shehe usimwendee kimyakimya. Umeshafanya mengi kimyakimya, na tumeona yalikokufikisha.

Unaogopa Zubeida atarudi kwao. Mzee wangu, hukuona? Alishakuwa kwao. Alikuwa Kionga, kanga zake zimefungwa, ndugu zake wote wako pale, ngoma inapigwa, na asubuhi yake akachukua njia akarudi kwako. Mwanamke anayetaka kukuacha hapati nafasi nzuri kuliko hiyo akaikataa. Alichochoka nacho ni mtaro, si spana, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyedhani atamzika mumewe kando ya mihogo. Mwambie. Atapiga kelele, atakuita majina ambayo hata Bwana Chefe hakuwahi kuitwa, na akijua kwamba paja alilolisifu lilikuwa la kuku wake mwenyewe, kaa mbali na mwiko. Kisha mtafutie vifaranga, uwalishe wewe, na gurudumu mkilifungua tena mlifungue pamoja, yeye ashike sahani.

Nenda leo, jioni, watu wakishakaa. Si chumbani kwa mkeo tu. Ulimchafua kijana barazani, basi msafishe barazani, mbele ya wale wale, yeye mwenyewe akiwepo, na kwa sauti ile ile. Maneno ni mafupi: "Kuku nimewachinja mimi, Clésio hakugusa hata unyoya." Usianze na jani, usianze na upepo, hakuna aliyekuuliza habari za hewa. Na Chamima amwombe radhi mpangaji wake kabla hajahama.

Na hilo tumbo, pumua. Halbadiri kwetu watu humsomea mwizi asiyejulikana. Ukishasimama ukajitaja, Zubeida atakuwa amekula mali yake mwenyewe, madrasa wamekula sadaka, na shehe akirudi atakuta hakuna wa kumsomea. Atakayekuwa amebaki pale barazani ni mume mpumbavu tu, na hao hawasomewi kitu. Wanafokewa mpaka usiku mkubwa, na asubuhi wanapewa uji.