Mwanasha Hataolewa kwa Simu

Maskati

Mama yangu,

Shikamoo, na amani ya Mungu iwe juu yenu nyote hapo Msambweni. Goti linaendeleaje? Bado unakwenda kuokota korosho mwenyewe, au umekubali kusaidiwa? Jibu nalijua, lakini mtoto hana budi kuuliza. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila uchovu umenizoea. Nasimama mlangoni pa ghala tangu asubuhi mpaka jua lizame, na nikirudi chumbani hata kuvua viatu naona ni kazi.

Barua hii nimempa kijana wa Gazi anayerudi likizo. Kwenye simu nyumba nzima hunisikiliza, nawe hunipi nafasi ya kumaliza neno. Hapa utanisoma mpaka mwisho, upende usipende.

Ni habari ya posa. Bakari, aliyemposa mdogo wangu Mwanasha, ni mwenzangu wa chumba kimoja hapa. Na tangu baba afariki, mimi ndiye walii wa Mwanasha; nikaha haifungwi bila idhini yangu. Mmeshapanga kila kitu: Ami Juma awe wakili wangu msikitini, kaka yake Bakari akubali kwa niaba yake, na bwana harusi asikilize kwa simu huku kazini, na sare yake mwilini. Mimi nilisema nitafikiri. Nimefikiri, Mama. Idhini hiyo siwezi kuitoa.

Usije ukadhani Bakari ana ila. Huniamsha alfajiri kwa upole, na nilipopatwa na homa alinikanda kichwa kama ndugu wa tumbo moja. Hata mchuzi wake, ambao ungekuchekesha, huupika kwa moyo. Ungeniambia nichague mume wa dada yangu, ningemtaja yeye. Kinachonitisha ni haya maisha yetu.

Mimi nilimuoa Mejumaa nikaondoka kabla hina yake haijafifia, nikijisifu kwamba nimetimiza nusu ya dini. Unakumbuka likizo iliyopita nilivyowashtukiza? Nilipousukuma mlango wa chumba chetu, Mejumaa aliruka akavuta leso akajitanda kichwani upesi upesi, kama mwanamke aliyeona mwanamume mgeni mlangoni. "Hivi kwenu hodi haipigwi?" akasema kwa ukali. Kisha akanitambua. Tulicheka, nawe ukacheka ukumbini. Baadaye nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, hilo hukulijua.

Maalim wetu wa chuoni alitufundisha kwamba Mungu amewaumba mke na mume wapate utulivu kwa mwenzao, akatia baina yao mapenzi na huruma. Tulikariri, na tulipokosea tulionja bakora. Nami nikadhani utulivu huja wenyewe ukishatamka "nimekubali". Kumbe unataka watu wawili wanaokula sahani moja, wanaonuniana asubuhi na kusameheana kabla ya magharibi. Mke nisiyejua hata anaumwa wapi, nitamwoneaje huruma? Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Utasema ndoa ni stara, na binti akishaolewa midomo ya watu hufunga. Ni kweli. Lakini Mejumaa wangu ana stara ya jina tu. Anayeshinda naye na kumuuguza ni wewe. Utasema subira ni ibada. Hilo pia ni kweli, ila naona tumewaachia wanawake ibada hiyo peke yao.

Bakari nilimwambia Ijumaa, tulipotoka msikitini. Tulipofika chumbani, akaketi kitandani.

"Wanikatalia mimi, Hamisi?"

"Sikukatalii wewe. Rudi nyumbani ukae, nitakuoza kwa mkono wangu."

"Nirudi nikafanye nini? Hoteli ya Diani si ndiyo iliyotupunguza kazini?" Akanitazama. "Na wewe wanihubiria, mkeo umemwachia nani?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa amesema kweli.

Kwa hiyo mkataba wangu ukiisha siuongezi. Ami Juma alitaka tangu zamani nimsaidie shambani. Mwambie aniwekee jembe. Bakari anasema atafikiri. Akirudi, nikaha ifungwe naye ameketi mbele yangu, mkono wake mkononi mwangu. Asiporudi, Mwanasha asifungwe kwa mtu asiyekuwapo. Muulize mwenyewe kama yuko radhi kumngoja, na tafadhali Mama, usimjibie.

Nisalimie Ami Juma, na umwambie asikasirike kwa kunyimwa uwakili. Nisalimie dada mkubwa na mumewe huko Ukunda, na watoto wao. Mwanasha mwambie kaka yake anampenda, hata leo akinichukia.

Mejumaa usimpe salamu zangu. Nimechoka kumsalimu mke wangu kwa midomo ya watu. Mwambie naja mwenyewe.

Mwanao,
Hamisi