Tegu la Mama Mkwe

Bombo, Same
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa dada Esta,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Loth na watoto, na kwamba joto la Lembeni halijawamaliza. Huku Bombo hatujambo. Mama goti linamsumbua kila ukungu ukishuka, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, anatugombeza kama kawaida. Mimi sijaanguka tangu mvua za vuli. Ningekupigia simu, ila simu yako inakaa pale gengeni na kila mnunuzi wa nyanya anaipokea, na haya si ya wanunuzi.

Unajua nilivyorudishwa kutoka Mhezi, lakini nayarudia kwa sababu nataka uyasome ukiwa na hasira kama mimi. Nilianza kuanguka Blessing alipoanza kutambaa. Siku nilipoangukia mafiga, mama mkwe alikuwa hapo hapo jikoni anachambua maharage. Akawazuia watu wasiniguse, eti povu la kifafa likimpata mtu naye ataanguka. Wakautazama mkono wangu unaungua mpaka nikatulia mwenyewe. Tangu hapo nikawa na sahani yangu na kikombe changu, nikalala jikoni. Mwisho ukoo ukakaa kikao, ukaamua nirudi kwetu na mtoto abaki, nisije nikamwambukiza. Mume wangu Anderson alitazama vidole vya miguu yake kikao kizima.

Halafu yule mama akaeneza hadi Chome kwamba kwetu kifafa ni cha ukoo. Neno hilo lilivyokufanyia unalijua kuliko mimi. Sadock alivunja uchumba wakati mama ameshanunua kitambaa cha gauni lako. Mbele yangu hukulia, lakini nilikusikia nyuma ya banda la mbuzi, na siku ile niliapa kwamba yule mama atalipa.

Basi amelipa, dada. Ngoja nikueleze vizuri, nami nifaidi tena.

Mwaka jana walikuja watafiti wa kifafa, wakapita Bombo na Mhezi wakiandikisha watu wanaoanguka na kuchunguza nguruwe. Nilipelekwa hospitali kubwa nikapigwa picha ya ubongo. Daktari wao, mama mmoja mpole anaitwa Clemence, alinionyesha madoa meupe kwenye picha akasema ni vifuko vya minyoo ya nguruwe, vingine vimeshakufa, vingine bado vizima. Nililazwa nikipewa dawa ya minyoo pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe, kwa sababu minyoo ikifia kichwani ubongo hukasirika. Za kuzuia kuanguka ninameza mpaka leo, asubuhi na jioni.

Nilimwambia daktari kwamba mimi nyama ya nguruwe sikuwahi kuipenda. Akanieleza kwamba anayekula nyama hiyo isiyoiva vizuri hupata tegu, ule mnyoo mrefu wa tumboni, tena anaweza kukaa nalo miaka bila kuumwa chochote. Mayai ya tegu hutoka na choo. Mwenye nalo asiponawa vizuri, mayai yanaingia kwenye chakula, na anayeyameza ndiye minyoo inampanda kichwani. Kwa hiyo anayeanguka hamwambukizi mtu kwa povu wala kwa sahani. Anayeambukiza anaweza kuwa amekaa zake mzima, ameshiba, anacheua.

Nikamuuliza niliyameza kwa mkono wa nani. Akasema utafiti wao hauwezi kumtaja mtu kwa uhakika, ila watapima choo cha kila aliyeishi nami nyumba moja, na kila mtu ataambiwa majibu yake peke yake, kwa siri. Akanisisitizia kwamba tegu si dhambi wala uchawi, na mwenye nalo hana habari. Niliitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari. Moyoni nilikuwa nakumbuka kipindi chote cha uzazi wa Blessing, mama mkwe akinimenyea ndizi mbivu na kunikatia kachumbari kwa mikono yake, akijisifu kwa majirani kwamba anajua kutunza mzazi.

Baada ya muda Anderson akaja Bombo, nyuma ya mgongo wa mama yake. Alikaa kwenye kigoda akizungusha kofia mikononi, mwisho akatoboa kwamba nyumba nzima wamepimwa, na mwenye tegu ni mama yake tu, mwenyewe alimwambia kwa hasira. Ameambiwa aende akameze dawa, amekataa, anasema watafiti wanamsingizia, na kumeza ni kukubali. Akaniomba nisimwaibishe mama yake, maana ndiye mpishi mkuu wa kila shughuli pale kijijini. Nikinyamaza, Blessing ataletwa kwangu mahindi yakishavunwa. Nilikubali. Nilimpa na mkono.

Wiki iliyofuata kulikuwa na msaragambo, kijiji kizima kuzibua ndiva, lile bwawa lao la kumwagilia, maana tope lilikuwa limejaa na maji hayashuki tena mashambani. Anderson aliniruhusu niende nikamwone mtoto. Wanaume walikuwa ndani ya tope, wanawake kwenye masufuria ya makande. Pale desturi ni kwamba hakuna anayekula mpaka mpishi mkubwa amewagawia wazee kwa mkono wake, na mpishi mkubwa ni nani kama si yeye. Nilimkuta anachanganya kachumbari kwa vidole. Blessing aliponiona akanikimbilia. Yule mama akamdaka mkono, akamvuta nyuma, akawaambia wanawake wote kwamba mtoto asiguswe na mwenye kifafa.

Dada, sikumezea. Nilipanda juu ya ukingo wa ndiva nikapaza sauti hadi wenye majembe wakasimama. Nikawaambia kifafa changu hakikutoka kwa baba yangu wala kwa mama yangu, kilitoka kwenye vidole vile vilivyo ndani ya kachumbari. Nikawaambia ana tegu tumboni, ameambiwa na hospitali, dawa ameikataa, na amewalisha wote miaka yote. Watu wakamwaga sahani. Mzee mmoja alikimbilia migombani akajitia kidole kooni. Mama mkwe alibaki ameshika upawa, na hakuna aliyesogea karibu naye hata kumwondoa pale. Roho yangu ilisuuzika. Nilirudi Bombo nikiimba, nikala, nikalala usingizi wa mtoto mchanga.

Daktari Clemence alipopata habari alikuja hapa amenuna. Aliniambia kwamba sasa Mhezi nzima hakuna anayekubali kupimwa, kila mtu anaogopa kutangazwa ndivani. Hata hilo sikulijali.

Sasa nakuambia kilichonifanya nishike kalamu. Jana Anderson amekuja analia. Mama yake ameshindwa kukaa Mhezi, maana hata kikombe cha maji kwake watu hawapokei. Ameshuka kwa mdogo wake huko huko Lembeni, anapika kwenye kibanda cha chakula kando ya barabara kuu. Dawa hajameza. Na Blessing ameondoka naye.

Blessing bado hajaanguka. Lakini kila siku anakula kwenye mkono ule, na mimi ndiye niliyewasukuma huko. Kumsema sijutii. Najutia kwamba nilisema kabla sijamshika mwanangu.

Nenda kamtafute, dada. Ukimchukua mtoto kwa nguvu atahamia mbali zaidi, tusimwone tena. Mwamkie, kaa naye, mwambie daktari yuko tayari kumfuata na vidonge bila mtu kujua. Mwambie akimeza na kunirudishia Blessing, nitasimama tena pale ndivani mbele ya wote niseme nilimzulia, na kwamba kifafa ni cha ukoo wetu. Sijamsamehe na sitamsamehe, lakini nitasema.

Najua neno hilo litakurudia wewe, na safari hii litawafuata hadi wanao. Ndiyo maana nakuomba ruhusa kwanza. Nijibu ndiyo, dada. Nakuomba sana.

Mama anakusalimu na anauliza goti linakandwa na nini huko kwenu. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na wanawe mikono kabla ya kula.

Ni mimi mdogo wako,
Fortunata