Siku ulipomtaja mjomba mbele ya halmashauri

Mama yangu,

Leo nimepita chemchemi nikakukumbuka. Unakumbuka miaka ile ya sabini, tulipohamishiwa kijiji kipya cha Kapalamsenga na watu wakawa wengi ghafla? Kila nyumba ilitaka nguzo, kila mvuvi alitaka kuni za kubanika migebuka, samaki wetu wa ziwani. Kilima cha juu ya chemchemi kikabaki wazi, na maji yakapungua hadi tukawa tunayachota kwa kikombe.

Halmashauri ya kijiji ikapitisha sheria: mtu asikate mti karibu na chemchemi. Wewe ulikuwa mjumbe. Kabla mvua hazijaanza, ukamkuta mjomba, mdogo wako wa tumbo moja, anapasua kuni za mkuyu wa pale pale.

Nyumbani bibi alikusihi, "Mwanangu, huyo ni damu yako. Nyamaza."

Hukunyamaza. Kwenye mkutano ulisimama, kanga umeikaza kiunoni, ukasema, "Aliyekata ni mdogo wangu. Nikimficha yeye, kesho nitamwambia nani aache?"

Wakamwamuru apande miche na kuimwagilia kiangazi chote kilichofuata. Mjomba akaacha kuja kwetu. Hata salamu akawa anaitikia kwa shingo upande. Nilikusikia ukilia jikoni, ukisingizia moshi.

Halafu mchana mmoja ukanibebesha ugali na dagaa, tukamfuata chemchemini. Alikuwa amechoka, ndoo iko pembeni.

"Dada, uliniaibisha," akasema.

"Ndiyo, nilikuaibisha. Nawa mikono ule."

Akala. Wewe ukachukua ndoo, ukaendelea kumwagilia miche pale alipoishia. Jioni ile mlirudi pamoja.

Miche mingine ilikufa, mingine ikashika. Maji yaliporudi, mjomba ndiye aliyekuwa mkali kuliko nyie wajumbe wote; mtu akionekana na shoka upande ule, alijua atamkuta njiani. Na siku tuliyokuzika, alikataa watu wengine wakushushe. Akaingia kaburini mwenyewe kukupokea.

Mama, mwaka huu wamenichagua niwe kwenye kamati ya mazingira ya kijiji. Watu wameanza tena kulima hadi ukingoni mwa maji, na wengi wao ni ndugu zetu. Naogopa, sikufichi. Lakini nimekubali, na nina imani watanielewa, hata kama si leo.

Lala kwa amani, mama.

Ni mimi, binti yako wa kwanza